Ploti ya Kesho Saa Sita

Cherotich wangu,

Sikuulizi hali, maana leo asubuhi nimekuona ukimaliza viazi vitamu vitatu na kutafuta cha nne. Hali yako ni nzuri. Yangu pia ni nzuri, ila vidole vimejaa utomvu wa chai na kalamu inateleza, kwa hivyo ukiona doa usidhani ni chozi. Machozi nimeyawekea kesho.

Naandika nikiwa kwenye kituo cha kuuzia chai, nimekalia debe lililopinduliwa kando ya meza ya kukagulia majani. Lori la kiwanda limekwama kwenye matope kule chini darajani na karani anasema tutulie. Ni saa tisa, mvua imetoka kunyesha, na gunia langu ni la tano kwenye mstari. Karatasi hizi nimezing'oa kwenye daftari lako la zamani la Sayansi, kwa hivyo ukikutana na mchoro wa jino katikati ya maneno yangu, uruke. Wewe uko nyumbani unapanga nguo, au unajifanya unapanga, nakujua. Kesho gari lako ni saa kumi na mbili asubuhi, na asubuhi ya safari haina mazungumzo ya maana. Ni kutafuta kiatu cha pili tu.

Sitakuambia habari ya blanketi, wala ya kuchemsha maji ya Kisumu, wala ya kufunga mlango mara mbili. Nyanya yako amekuambia hayo tangu Jumapili, na akimaliza anaanza upya. Mimi nina jambo langu. Nina zawadi yako, kubwa, ambayo sijamwambia mtu, hata baba yako. Moyo unanidunda tangu juzi kama wa msichana anayeposwa. Nitakuambia, lakini si hapa juu. Kwanza niache nijisifu kidogo, ni haki yangu.

Katika mstari huu wote, ni mimi peke yangu ambaye mtoto wake ameandikwa kazi ya kuchunguza vichwa vya watu. Nimewaambia. Halafu nikawaambia tena, maana wengine walikuwa wanaongea. Mama Faith, huyu jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, amenijibu mbele ya watu: "Mama Cherotich, tumesikia. Hata ng'ombe wangu amesikia." Nikamwambia basi amfikishie na ndama.

Mtoto wa mtu wa darasa la saba! Wengine wamesomea tumbo, wengine meno, wewe umesomea jinsi kichwa kinavyofanya mtu akiwa na pesa mkononi na hajui aiweke wapi. Nakumbuka siku ulipopata hiyo kazi, ukanieleza kwamba utakuwa unatembelea wakulima na kuwauliza kwa nini waliweka pesa pale na si hapa. Nikakuuliza, "Na wanakulipa kwa hiyo?" Ukacheka mpaka ukamwaga chai. Nilikuwa nauliza kwa dhati. Mimi nimewauliza watu maswali hayo miaka yote hapa kituoni na sijawahi kulipwa.

Unakumbuka mwezi wa nne ulipokuja hapa hapa na mfuko wa peremende? Ulimsimamia kila mtu ukimwuliza, "Unataka moja sasa hivi, au mbili kesho?" Wote walitaka moja sasa hivi. Karani, mtu wa mizani, naye alinyoosha mkono. Ni mimi tu niliyesema mbili kesho, na jioni ulimwambia baba yako kwamba nina kichwa cha pekee. Nimeishi na sifa hiyo miezi sita, nikaitembeza mpaka kanisani. Sasa wacha nikuambie ukweli kwa sababu unaondoka: nilikuwa tayari nimekula peremende tatu kutoka kwa mfuko wako uliouacha mezani. Mtu aliyeshiba husubiri vizuri. Hilo pia liandike kwenye kitabu chako.

Usiku ule, jikoni, ulichora kichwa kwenye majivu kwa kijiti ili nielewe. Ukasema huku ndani kabisa kuna sehemu inayoruka kabla mtu hajahesabu, inaona hatari au utamu na kupiga kelele. Na hapa mbele, nyuma ya paji la uso, kuna sehemu inayopima, lakini ni ya polepole na inachoka. Nikakuambia nimeelewa. Huyu wa mbele ni karani wetu. Ana mizani, anasoma nambari moja moja, ikifika jioni amechoka, na akiwa na njaa anafunga dirisha. Na yule wa ndani ni Mama Faith. Anasikia habari kabla haijatokea, anakimbia, anapiga kelele, na tusimkosee, siku moja alinusa moshi wa stoo yetu tukiwa tumelala akatuokoa. Bila yeye tungeungua. Lakini hungependa apime majani yako.

Ukaniita mama kwa lugha yetu, ukasema, "Eiyo, ni hivyo kabisa," ukaandika. Kwa hivyo kwenye hayo masomo yako kuna maneno yangu. Wakikupigia makofi huko, na mimi napigiwa.

Kuna kingine ulichosema usiku huo ambacho sikukijibu, ukadhani nimesinzia. Ulisema kuna kitu kinachomwagika kichwani mtu anaponusa jambo zuri linakuja, na kwamba kinamwagika zaidi wakati wa kungoja kuliko wakati wa kupata. Sikusinzia, mwanangu. Nilikuwa nimeona maisha yangu yote yamepita kwenye yale majivu.

Wewe unajua mwezi wa tisa ulivyo hapa. Bonasi ya chai haijatangazwa, lakini kila mwanamke anayechuma ameshanunua viti kichwani, amevipanga, amevihamisha, amemkaripia mtoto wa mtu kwa kuvikalia na viatu. Tunachuma kwa raha kuliko wakati wowote wa mwaka. Halafu mwezi wa kumi pesa inaingia, mji wa Litein unajaa spika na magodoro, boda moja inabeba sofa nzima na mwenye sofa juu yake, na jioni mtu anarudi nyumbani na kile alichotaka, anakaa juu yake, na anajiuliza mbona moyo umetulia hivi kama umepoteza kitu.

Sasa makosa yangu. Siyaandiki kwa mpangilio, yatakuja yanavyotaka.

Ulikuwa darasa la nne wakati yule mtu wa pikapu alipoanza kusimama barabarani. Alinunua majani hapo hapo kwa pesa taslimu. Hakukagua, hata yawe yamelowa au makubwa kama ya sukuma wiki. Kiwandani wanakulipa kidogo kila mwezi, halafu hayo mengine ungoje bonasi ya mwezi wa kumi. Yule wa pikapu anakupa noti ikiwa bado na joto la mfuko wake. Nikamwambia baba yako kwamba nimepiga hesabu na kiwanda kinatupunja. Sikupiga hesabu yoyote. Ulikuwa ni mkono tu. Mkono ulipenda ile noti.

Basi mwezi wa kumi ukafika, bonasi ikaja, na yetu ilikuwa kitu cha kuaibisha, maana mwaka mzima majani yetu yalipanda pikapu. Nilienda Litein na wenzangu kwa sababu kubaki nyumbani kungeonekana. Nikamsaidia Mama Faith kubeba godoro lake, mimi kichwa yeye miguu. Tulipofika njia panda, wewe ulikuwa umesimama pale na sare ya shule, ukauliza, "Eiyo, na letu?" Nikakuambia letu linakuja na gari lingine.

Ukakaa kando ya barabara kungoja hilo gari lingine. Niliingia ndani nikapika, na nilipotoka ulikuwa bado umekaa, ukisimama kila ukisikia mngurumo. Baba yako ndiye aliyekubeba kukurudisha. Hukuuliza tena, na mimi sikusema tena. Lakini Cherotich, nimechuma chai miaka mingi tangu siku hiyo, na kuna jioni nikisikia gari linapanda, bado nakuona ukisimama.

Haya. Karani ametoka kusema lori limefungwa kamba, trekta linakuja. Kwa hivyo niendelee.

Hadithi ya pili unaijua nusu. Ile chai ya chini, aliyoipanda babu yako, ilifikisha wakati wa kupogolewa. Unajua chai ikipogolewa inakatwa mpaka kwenye magoti, na miezi mitatu minne huchumi kitu hapo. Baba yako alinoa panga, mimi nikasimama mbele ya chai na mikono yangu miwili kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie kanisani. Nikamwambia, "Utakata chakula cha watoto ukiniangalia hivi?" Akaweka panga chini. Mwaka uliofuata ikawa vile vile. Chai ikapanda mpaka kidevuni, nikawa nachuma nikiwa nimeinua mikono kama mtu aliyekamatwa. Chipukizi hakuna, majani magumu. Karani akawa anayamwaga mezani na kunitolea nusu. Bado nikakataa. Nilikuwa napoteza kila siku kidogo kidogo na sikuhisi, lakini kupoteza mara moja kwa panga, hapana, hilo liliniogopesha.

Wewe umenieleza mwaka huu kwamba kichwa kinapima hivyo: cha kupotea kina uzito kuliko cha kupatikana, hata vikiwa sawa, kama mizani iliyowekewa kidole upande mmoja. Ningejua nisingemtukana baba yako. Yeye hakusoma hayo. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya mtu anayetafuta kiberiti, "Chai haiuawi na panga, mama. Inauawa na huruma."

Unajua ilivyoisha? Sikushinda moyo wangu, watu wasikudanganye. Nilimwambia baba yako, "Mimi naenda Siongiroi kwa dada yangu siku nne. Nikirudi nisikuone umeshika panga." Alielewa. Nilienda, nikakamua ng'ombe wa watu huko na kucheka kwa nguvu sana, na niliporudi kulikuwa na visiki tupu kuanzia juu mpaka kijitoni. Nililia. Mwezi wa nne yalitoka machipukizi laini mpaka nilikuwa naona haya kuyachuma. Uamuzi bora wa maisha yangu niliufanya kwa kutokuwepo.

Ulikuwa unacheka kila nikisimulia hiyo. Lakini hebu itunze, nitaihitaji chini.

Sasa ya tatu, na hii hujui hata robo yake. Ni ya Malkia.

Kila mtu hapa anajua mama yako ana jicho la ng'ombe. Nilienda soko la Chebunyo na pesa ya mtamba mmoja, nikarudi na Malkia, na Malkia akakusomesha wewe kuanzia kidato cha kwanza. Nimeisimulia jinsi nilivyomzunguka mara tatu, nikapapasa nyonga, nikasoma mishipa ya tumbo, nikamwambia mwenyewe, "Huyu." Nimeisimulia kwenye harusi. Mchungaji aliitumia kwenye mahubiri kuhusu hekima.

Mwanangu, mimi sikumtaka Malkia. Nilitaka yule mwingine wa rangi ya kahawia, mwenye uso mweupe, mnene, anayetembea kama bibi harusi. Nilipokuwa bado napunguza bei, mzee mmoja akamlipia na kumvuta. Mvua ya mawe ikaanza. Mwenye ng'ombe alikuwa amebakiwa na mmoja, mwembamba, ana kikohozi, na mimi sikutaka kurudi nyumbani mikono mitupu nichekwe. Nikamchukua kwa hasira. Njiani nilimwita majina ambayo siwezi kuandika kwenye daftari la shule. Jina la Malkia alilipata baadaye, maziwa yalipojaa ndoo.

Ilikuwa ni mvua. Haikuwa jicho. Lakini watu waliposema jicho, nami nikaanza kuliamini, na hiyo ndiyo iliyoniuma baadaye, kwa sababu mtu aliyebahatika mara moja na akasifiwa ni hatari kuliko mlevi. Mlevi anajua kesho atapata fahamu.

Ndiyo maana tukalima pilipili. Unaikumbuka pilipili. Wewe hukuwahi kujua ilivyoanza, na juzi tu ndipo mimi na Mama Faith tumekaa tukaifuata nyuma kama mtu anayefuata ng'ombe aliyepotea. Alikuja mtu na fomu, akisema kuna mnunuzi wa pilipili kali, yuko tayari, anataka yote. Mama Faith anasema alichukua fomu kwa sababu aliniona mimi nimesimama kwenye mstari, na Mama Cherotich ana jicho. Mimi nilijaza fomu kwa sababu nilimwona Mama Faith ameishika, na huyo hapitwi na habari. Na unajua kwa nini nilikuwa kwenye mstari? Nilidhani ni mstari wa mbolea.

Aki tulicheka, tukashikana mikono, halafu kicheko kikakatika. Kwa sababu nyuma yetu walikuja wengine, nusu ya kilima hiki, kila mmoja akimwangalia aliye mbele yake. Tukavuna, macho yakawaka, watoto wakawashwa mpaka masikioni, na simu ya mnunuzi ikazimwa. Walionufaika ni kuku. Kuku hawasikii ukali, walikula mwaka mzima wakiimba.

Sasa nimefika kwenye zawadi.

Bonasi iliingia kwenye simu yangu Jumatatu, na mwaka huu si ya kuaibisha. Kuna mtu anauza ploti upande huo wa Kisumu unakoenda. Karibu na barabara, anasema, na stima ipo. Mama Faith na kikundi chake wananunua. Nami niliwaza: nitamnunulia Cherotich. Nitampa barua asubuhi, afungue njiani, asome kwamba ana ardhi yake huko anakofanya kazi, kwamba mama yake wa darasa la saba amemtangulia. Nilivyoanza kuandika hapa juu, nilikuwa nikitaka tu kujaza karatasi mbili tatu za utamu kabla ya kukutajia. Malipo mwisho ni kesho saa sita mchana.

Hebu nikuandikie yaliyosemwa hapa sasa hivi, maana wanadhani naandika orodha ya sabuni.

"Mama Cherotich, umetuma?" Mama Faith akauliza.

"Bado."

"Bado nini? Asubuhi ploti zilikuwa zimebaki tatu. Saa hii ni mbili."

"Wewe ulizihesabu?"

"Amesema."

"Na umeiona hiyo ploti?"

"Nimeona picha kwa simu. Iko na maua."

Karani akainua kichwa kutoka kwa mizani yake. "Mama Faith, hata kaburi huwa na maua."

Watu wakacheka. Mama Faith akamwambia ndiyo maana yuko na mizani na hana mke. Akanigeukia, akaniambia polepole, na hakuwa anatania: "Mimi sitaki uje kulia kwangu mwakani ukiona tumejenga."

Hapo ikanirudia ile hofu. Ile ile ya panga.

Nimeshika simu mara tatu tangu nikae kwenye debe hili. Mara ya tatu nilikuwa nimeweka tarakimu mbili za kwanza za nambari ya siri. Mikono ilikuwa na jasho na ni baridi hapa, Cherotich, unajua baridi ya hapa baada ya mvua. Na nilikuwa nakuona, umesimama barazani kwako, nyumba ya samawati. Nimeshapaka rangi, unaelewa? Nimeshaweka mapazia. Nimeshamkaribisha Mama Faith akae kwenye kiti na nikamwuliza kama anataka sukari. Furaha yote ya ploti hiyo nimeshaila, na sijanunua hata nyasi yake moja. Ndipo nikakumbuka yale majivu, nikajiambia: huyu anayekimbia ndani ya kichwa changu si karani.

Wacha nikuambie linaloniuma. Huenda ploti ni nzuri. Sijui kama yule mtu ni mwizi. Wezi nawajua na huyu alinisalimia vizuri, hiyo haimaanishi kitu upande wowote. Huenda kesho saa sita ikipita, mwaka kesho Mama Faith atajenga, na mimi nitapita hapo nikitazama upande mwingine. Nikifikiria hivyo nataka kuichukua simu mara ya nne. Kujua hakunitoi ile hofu. Wewe umesoma mpaka mwisho na nilikuona ukinunua viatu vya pili kwa sababu yule kijana alisema ni jozi ya mwisho. Hatuponi, mwanangu. Tunajifahamu tu, halafu tunatafuta namna ya kwenda Siongiroi.

Basi nimeenda. Nimechomoa laini ya simu kwa pini ya hereni, hapa hapa kwenye debe. Laini yenye bonasi yote. Nimeifunga kwa karatasi ya peremende niliyoikuta kwenye mfuko wa aproni yangu, moja ya zile tatu, na nitaibandika chini ya karatasi hii. Bahasha nitakupa ukiwa umeshakaa na mlango wa gari umefungwa, kwa sababu sijiamini, na nakuomba uifungue ukiwa umeshapita Kericho, hata nikikupigia kwa simu ya baba yako nikasema nimesahau kitu humo. Hasa nikisema nimesahau kitu.

Nyuma ya ukurasa huu nimechora njia ya kufika kwenye hiyo ploti kama nilivyoelezwa. Ukiwa na nafasi, nenda kwa miguu yako. Uliza nani alilima hapo mwaka jana. Angalia mvua ikinyesha maji yanalala wapi. Pita ofisi ya ardhi uone jina la nani limeandikwa. Halafu usiniambie ninunue au nisinunue. Niambie ulichoona tu, na baba yako awe amekaa hapo, maana leo jioni nitamwambia. Mwisho wa mwezi ukija unirudishie laini yangu, nitakuwa nimepoa, na karani wangu wa kichwani atakuwa amekula. Kama ploti zitakuwa zimeisha, zitakuwa zimeisha. Chai ya chini ilinifundisha kwamba mtu anaweza kulia na bado asife.

Sasa nasikia lori. Linapanda, watu wanasimama, na Mama Faith amenipigia simu akiwa hatua mbili kutoka kwangu, ili anikumbushe bila karani kusikia. Ameitazama simu yake, akanitazama mimi.

"Inasema hupatikani. Na wewe ndiye huyu."

Nikamwambia, "Mpaka mwisho wa mwezi, mama. Nimesafiri."

Ananiangalia kama mtu aliyenusa moshi. Nadhani nitamweleza tukishapima. Nitamweleza na yale ya mstari wa mbolea, tena kwa sauti, ili na wengine wa kikundi wasikie. Nilishawaongoza kwenye pilipili, si vibaya nikiwaongoza na kwenye kusubiri siku mbili tatu.

Lazima nisimame sasa, gunia langu linafuata. Lakini zawadi. Nilikuahidi zawadi na huwezi kufika Kisumu na laini ya simu ya mama yako peke yake.

Lile furushi juu ya gari, lililofungwa magunia na kamba, ambalo nitakuwa nimekuambia ni mzigo wa mtu wa kanisa. Si wa mtu wa kanisa. Nililinunua Litein wiki iliyopita kwa pesa ya maziwa, ya binti yake Malkia, kabla bonasi haijaingia na kabla hakujawa na ploti yoyote kichwani mwangu. Sikukimbia. Nilizunguka maduka yote, nikalala juu ya kila moja na viatu vyangu mkononi, wauzaji wakanicheka. Ni zito, halibonyei, litakuchukua miaka.

Ni godoro lako, Cherotich. Lile lililokuwa linakuja na gari lingine. Limechelewa, lakini sasa uko ndani ya gari lenyewe.

Mama yako